Setilaiti ndogo juu ya Kieni: inaona nini, na inatuambiaje?

Jumamosi tarehe 15 Aprili 2023, saa tatu na dakika 48 asubuhi kwa saa zetu, roketi ya kampuni ya SpaceX ilipaa kutoka kituo cha Vandenberg, California, nchini Marekani. Ndani yake mlikuwa na setilaiti ya Kenya, Taifa-1. Safari ilikuwa imeahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya hali ya hewa, na Wakenya wengi waliokuwa wakifuatilia kwa simu na runinga walikuwa wameanza kuchoka kusubiri. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa setilaiti hiyo iligharimu takriban shilingi milioni 50.

Mkazi wa Naro Moru ana haki ya kuuliza swali moja la wazi. Mimi nina ng'ombe wawili, shamba la viazi, na mto ambao kila kiangazi hupungua hadi mawe yakaonekana. Kisanduku hicho kinachozunguka angani kinanisaidia nini?

Makala haya yanajaribu kujibu swali hilo bila kuahidi kupita kiasi. Jibu lenyewe linategemea jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Kamera ya setilaiti si kazi ngumu zaidi. Kazi ngumu ni redio, yaani kuyafikisha ardhini yale ambayo kamera imeyaona.

Kisanduku cha sentimita kumi

Zamani setilaiti ilikuwa mtambo mkubwa kama gari, uliochukua miaka mingi kuundwa na kugharimu mabilioni. Mwaka 1999, walimu wawili wa vyuo vikuu vya California, Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, walitafuta njia ya kuwawezesha wanafunzi wao kuunda setilaiti kamili kabla hawajahitimu. Walikubaliana kipimo kimoja: kisanduku chenye upana, urefu na kimo cha sentimita 10, chenye uzito wa kilo moja hivi. Anayetaka nafasi zaidi huunganisha visanduku viwili, vitatu au sita.

Kipimo hicho ndicho kilicholeta unafuu wa bei. Kila mtu akitumia kisanduku cha ukubwa uleule, vipuri hutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kama bidhaa ya kawaida. Vingi vya vipuri hivyo, kama betri, kamera na kompyuta ndogo, ni ndugu wa vile vilivyomo ndani ya simu yako.

Kenya iliingia katika safari hii kupitia Chuo Kikuu cha Nairobi. Wahandisi wake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, waliunda setilaiti ya kisanduku kimoja iliyoitwa 1KUNS-PF. Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani waliipa nafasi ya kusafirishwa, na tarehe 11 Mei 2018 iliachiliwa kutoka chumba cha Kijapani cha kituo cha kimataifa cha anga za juu. Ilizunguka dunia kwa miaka miwili hivi kabla ya kushuka na kuungua kwenye hewa, kama ilivyotarajiwa. Taifa-1 ilikuwa hatua iliyofuata. Ina ukubwa wa visanduku vitatu vilivyopangwa kwa mstari, na iliundwa na wahandisi wa kampuni ya Kikenya ya SayariLabs pamoja na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria.

Majirani zetu nao hawakukaa kando. Rwanda ilipeleka RWASAT-1 mwaka 2019, na Uganda ikapeleka PearlAfricaSat-1 mwaka 2022. Zote mbili zilikuwa za aina hii ya visanduku.

Nauli ya matatu

Sababu ya pili ya unafuu ni usafiri. Kukodi roketi nzima ni kama kukodi gari zima kutoka Naro Moru hadi Nairobi. Taifa-1 haikukodi gari zima. Ilipanda pamoja na mizigo mingine takriban hamsini kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja akilipia kiti chake.

Lakini abiria wa matatu anajua sharti lake: utashukishwa kwenye njia ambayo gari linapita, hata kama si mlangoni kwako. Roketi nyingi za aina hii huelekea njia moja inayopita karibu na ncha ya kaskazini na ncha ya kusini ya dunia. Dunia inapojizungusha chini yake, setilaiti hatimaye hupita juu ya kila nchi, na hupita mahali pamoja wakati uleule wa siku, jambo linalofaa kwa kupiga picha. Wenye kamera wengi wanaitaka njia hiyo, ndiyo maana magari mengi yanaielekea.

Kwetu sisi tunaoishi kilomita ishirini hivi kusini mwa Ikweta, njia hiyo ina gharama yake. Setilaiti iliyo kilomita 500 juu huzunguka dunia kwa dakika 95 hivi, mizunguko kama 15 kwa siku. Mtu aliyesimama karibu na ncha ya dunia huiona karibu katika kila mzunguko. Sisi wa Ikweta, ambako dunia ni pana zaidi, huipata mara tatu au nne tu kwa siku, na nyingine kati ya hizo huwa chini sana karibu na upeo wa macho.

Kuna kisa cha nyumbani kinachoonyesha njia nyingine. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Uhuru, na ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Kwa kuwa ilirushwa karibu na Ikweta, iliwekwa kwenye njia inayoizunguka Ikweta yenyewe, hivyo ilipita juu ya eneo letu la dunia katika kila mzunguko. Njia ya namna hiyo ingempa mkulima wa Kieni setilaiti kila baada ya saa moja na nusu hivi. Lakini kiti cha bei nafuu kwenye njia hiyo hakipatikani kwa urahisi.

Redio yenye nguvu ya simu

Sasa tuje kwenye redio. Kilomita 500 ni zaidi kidogo ya umbali wa barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa, ila safari hii ni ya kwenda juu. Ni kama mara mia ya kimo cha Mlima Kenya. Setilaiti inakwenda kilomita saba na nusu hivi kwa sekunde, kiasi kwamba ingetoka Nairobi na kufika Mombasa kwa dakika moja tu.

Redio ya setilaiti ndogo ya kisanduku kimoja huwa na nguvu ya wati moja hivi. Hiyo ni nguvu ya simu ya mkononi inapotafuta mnara, na ni chini ya balbu ndogo ya sola. Antena yake mara nyingi ni vipande vyembamba vya chuma vinavyofanana na utepe wa fundi seremala wa kupimia. Wakati wa safari vipande hivyo hukunjwa kuzunguka kisanduku na kufungwa kwa uzi. Setilaiti inapoachiliwa, husubiri kama nusu saa ili iwe mbali na chombo kilichoileta, kisha huuchoma uzi huo kwa umeme mdogo, na antena hujikunjua. Uzi ukikataa kukatika, setilaiti nzima inakuwa bubu hata kama kamera yake ni nzima.

Inawezekanaje wati moja ifike ardhini wakati simu yako hupoteza mtandao ukishuka bondeni? Jibu ni kwamba kati ya setilaiti na antena ya ardhini hakuna kilima, jengo wala mti. Simu haishindwi na umbali peke yake, hushindwa na vizuizi. Pia antena ya ardhini inayoifuata setilaiti imeundwa kukusanya mawimbi dhaifu kutoka upande mmoja tu, kama mtu anayetega sikio kwa kiganja.

Ni mlima wenyewe unaotufundisha somo hili. Ukisimama mjini Naro Moru ukatazama mashariki, Mlima Kenya unaziba nyuzi tano hivi za anga kutoka chini. Setilaiti inayochomoza upande huo hucheleweshwa na kilele kabla redio yako haijaisikia. Kwa hiyo anayetaka kufunga antena ya kazi hii hutafuta mahali palipo wazi pande zote.

Kuna jambo jingine ambalo ukilisikia mara moja hulisahau. Gari la wagonjwa likikujia kwa kasi, king'ora chake huwa cha sauti nyembamba; likishakupita, sauti huwa nzito. Mawimbi ya setilaiti hufanya vivyo hivyo. Ikiwa inarusha kwenye megahezi 437, masafa yanayotumiwa na setilaiti nyingi za vyuo vikuu, mawimbi yake husikika juu kidogo inapokuja na chini kidogo inapokwenda, tofauti ya takriban kilohezi 10 kila upande. Kompyuta ya kituo cha ardhini hulazimika kuizungusha redio pole pole muda wote ili isipotee.

Masafa hayo pia hayachukuliwi kiholela. Kila nchi huyasajili kupitia Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, na hapa kwetu mwenye mamlaka juu yake ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Bila utaratibu huo, setilaiti mbili zingezungumza kwa wakati mmoja na hakuna ambaye angesikika.

Tangi kubwa, paipu ya nusu inchi

Wakazi wa Kieni wanaijua miradi ya maji. Unaweza kujenga tangi kubwa lenye maji ya kutosha kijiji kizima, lakini ukitoa paipu ya nusu inchi, watu watapanga foleni kutwa. Setilaiti ndogo iko hivyo. Kamera ndiyo tangi, na redio ndiyo paipu.

Tufanye hesabu pamoja. Redio ya kawaida ya setilaiti za bei nafuu hutuma biti 9,600 kwa sekunde. Setilaiti ikipita vizuri juu ya kituo, tuseme kwa dakika 10, itatuma biti 5,760,000. Ukigawanya kwa nane unapata kilobaiti 720. Picha moja ya simu ya kisasa huwa na megabaiti tatu au zaidi. Kwa siku nzima, tukijumlisha mapito yote, kituo cha Ikweta hupata nusu saa hivi ya mazungumzo, sawa na megabaiti mbili na kidogo. Hiyo haitoshi kukamilisha picha moja kutoka simu yako.

Wahandisi wana njia tatu za kutoka hapo. Ya kwanza ni kupanua paipu: kutumia masafa ya juu zaidi, yanayobeba taarifa nyingi kwa sekunde. Hilo linahitaji umeme mwingi zaidi angani na sahani kubwa inayozunguka ardhini, na vyote viwili ni pesa.

Njia ya pili ni kukodi vituo vya watu wengine. Kampuni nyingi huweka antena Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo kaskazini kabisa mwa dunia, kwa sababu setilaiti za njia ya ncha hupita huko karibu kila mzunguko. Kwa hiyo picha ya Kieni inaweza kupigwa hapa asubuhi, ikashushwa kwenye barafu ya kaskazini, kisha ikasafiri kwa nyaya za chini ya bahari hadi Nairobi.

Njia ya tatu ni kuchuja kabla ya kutuma. Kompyuta ya setilaiti huzitupa picha zilizojaa mawingu na kutuma zilizo safi peke yake. Kwa eneo letu njia hii ina maana kubwa. Setilaiti nyingi za picha hupita kama saa nne na nusu asubuhi. Kila aliyekulia chini ya mlima huu anajua kwamba kilele huwa wazi alfajiri, na kufikia saa nne kimeanza kujifunika. Kamera ya kawaida haioni kupitia wingu. Rada huona, lakini rada inakula umeme mwingi, na kuibana ndani ya kisanduku kidogo ni kazi ngumu.

Kieni inavyotazamwa kutoka juu

Baada ya hayo, tunaweza kulijibu swali la mwenye ng'ombe wawili. Setilaiti tayari zinatumika kwa jambo linalomgusa, nalo ni ukame.

Kaunti ya Nyeri ni miongoni mwa kaunti 23 zinazofuatiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, kwa sababu ya Kieni, iliyo upande wa mlima usiopata mvua nyingi. Kila mwezi mamlaka hiyo hutoa taarifa ya ukame. Ndani yake kuna kipimo cha hali ya mimea kinachotokana na picha za setilaiti, kinachoitwa kwa kifupi VCI.

Kipimo hicho hufanya kazi hivi. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha mwanga mwingine ambao jicho la binadamu halioni. Jani linalokauka hufanya kinyume. Setilaiti hupima miale hiyo miwili na kuonyesha ukijani wa eneo. Kisha ukijani wa mwezi huu hulinganishwa na wa mwezi uleule katika miaka iliyopita. Mwaka mbaya kuliko yote hupewa sifuri, na mzuri kuliko yote hupewa 100. Kipimo kikiwa 35 hadi 50, mimea iko katika hali ya kawaida. Kati ya 21 na 34 ni ukame wa wastani, kati ya 10 na 20 ni ukame mkali, na chini ya 10 ni ukame uliokithiri.

Namba hizo si mapambo ya ripoti. Pamoja na viashiria vingine, ndizo zinazosaidia kuamua iwapo eneo liko katika hali ya kawaida, ya tahadhari au ya dharura, na maamuzi ya kupeleka maji kwa malori, chakula cha mifugo na misaada mingine huanzia hapo. Namba ikichelewa au ikipotosha, ng'ombe ndiye anayelipa.

Ni vyema kusema ukweli: kwa miaka mingi takwimu hizi zimetoka kwa setilaiti kubwa, hasa kifaa kiitwacho MODIS kilichomo ndani ya setilaiti za Marekani, Terra na Aqua, zilizorushwa mwaka 1999 na 2002. Setilaiti ndogo hazijazifukuza. Kazi yake ni kuongeza macho: nyingi, za bei nafuu, zinazoweza kupita mara kwa mara na kuona vipande vidogo zaidi vya ardhi.

Ukubwa wa kipande ndio penye jambo. Kipande kimoja cha MODIS kina upande wa meta 250, yaani eka 15 hivi zinazosomwa kama nukta moja. Nukta ya setilaiti za Landsat ina upande wa meta 30, hivyo ploti yako ya 50 kwa 100 humezwa nzima ndani ya nukta moja. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 huona nukta za meta 10. Hapo eka moja hupata nukta 40 hivi, na ploti ya 50 kwa 100 hupata nne au tano. Picha za Sentinel-2 na za Landsat hutolewa bure kwa yeyote duniani. Mtu akija kukuuzia "picha ya setilaiti ya shamba lako", muulize unalipia nini hasa: picha, ambayo inapatikana bure, au kazi yake ya kuichambua.

Yale ambayo setilaiti haiyaoni

Fikiria eka 15 za Kieni. Upande mmoja kuna kabeji zinazonyunyiziwa maji kutoka mtoni. Upande wa pili kuna malisho yaliyokauka kabisa. Nukta moja ya meta 250 huzichanganya na kutoa wastani, na wastani huo haumfai mwenye kabeji wala mwenye mifugo.

Au fikiria mvua ya wiki moja baada ya kiangazi kirefu. Nyasi fupi na magugu huchipuka haraka, na kutoka juu eneo hugeuka kijani. Lakini mahindi yaliyonyauka shina hayafufuki, na ng'ombe hashibi magugu. Namba imepanda, na ghala bado ni tupu.

Setilaiti haioni bei ya debe la mahindi sokoni. Haioni umbali ambao mama anatembea kutafuta maji. Haioni mtoto aliyepungua uzito. Ndiyo maana taarifa ya ukame haitegemei anga peke yake. Wakusanyaji wa takwimu hutembelea kaya katika maeneo yaliyochaguliwa na kuuliza maswali yaleyale mwezi baada ya mwezi: maziwa ni kiasi gani, bei ya mbuzi ni ngapi, maji yako umbali gani. Hupima hata mzunguko wa sehemu ya juu ya mkono wa mtoto mdogo kwa utepe. Utepe huo wa bei ndogo unaweza kusema jambo ambalo hakuna setilaiti itakayolisema.

Kwa hiyo mkusanyaji akibisha hodi kwako, usimpe jibu la kumfurahisha wala la kutafuta msaada. Mpe jibu la kweli. Anayesema ng'ombe hatoi maziwa kumbe anatoa, na anayeficha njaa kwa sababu ya aibu, wote wawili wanaharibu kipimo ambacho jirani yao anakitegemea.

Ujumbe mfupi kutoka mtoni

Kuna kazi moja ambayo setilaiti ndogo inaifaa hasa, kwa sababu haihitaji paipu pana. Ni kubeba ujumbe mfupi.

Mto Naro Moru huanzia juu mlimani, katika bonde la Teleki, ukapita msituni, ukashuka hadi mashambani na hatimaye kuungana na Ewaso Ng'iro. Wanaochota juu na wanaosubiri chini wamekuwa na mivutano tangu zamani, na vyama vya watumiaji wa maji ya mito viliundwa kwa sehemu ili kuituliza. Mvutano huwa mbaya zaidi pasipo na takwimu. Wa chini husema wa juu wamemaliza maji, na wa juu husema mvua haikunyesha. Aliye na kipimo cha kina cha mto kwa kila saa anaweza kuonyesha ukweli uko wapi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapahapa Nyeri, wameunda vipima kina cha maji vya gharama nafuu na kuvijaribu katika mito ya eneo hili, ukiwemo Muringato. Kifaa hukaa juu ya mto, hupima umbali hadi kwenye maji, kisha hutuma namba hiyo kwa redio ya nguvu ndogo iitwayo LoRa hadi kwenye kipokezi kilichounganishwa na intaneti. Ujumbe mzima ni baiti chache tu, pungufu ya ujumbe mfupi wa simu.

Tatizo ni sehemu za juu, ndani ya msitu na kwenye mabonde, ambako hakuna mnara wala mahali pa kuweka kipokezi. Hapo ndipo setilaiti ndogo inapoingia. Inapita juu, inachukua ujumbe wa kipima, inauhifadhi, kisha inautema inapopita juu ya kituo cha ardhini. RWASAT-1 ya Rwanda iliundwa kwa kazi ya aina hii: pamoja na kamera, ilibeba kifaa cha kupokea taarifa kutoka kwa vipima vilivyo ardhini. PearlAfricaSat-1 ya Uganda nayo ilibeba kifaa cha kupokea na kupitisha ujumbe.

Turudi kwenye hesabu yetu. Mapito moja ya dakika 10 yanayobeba kilobaiti 720 hayatoshi kwa picha ya simu. Lakini ikiwa kipima kimoja kinatuma baiti 20, mapito hayohayo yanaweza kushusha jumbe 36,000. Paipu ya nusu inchi haijazi bwawa, lakini inatosha kabisa kwa maji ya kunywa.

Shule na vijana wetu

Mwisho, neno kwa walimu wa sayansi na vijana wa polytekniki zetu. Kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na setilaiti si jambo la kuanza nalo. Lakini kusikiliza ni hatua ya kwanza iliyo karibu. Setilaiti nyingi za vyuo vikuu hutangaza jina lake, joto lake na nguvu ya betri yake mchana na usiku kwenye masafa yanayojulikana. Kwa kompyuta ya kawaida, kipokezi kidogo cha kuchomeka na antena ya kutengenezwa kwa waya na mbao, darasa linaweza kuzisikia.

Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 12 Desemba 1961, miaka miwili kamili kabla ya uhuru wetu, wapenda redio wa California walipeleka angani setilaiti ndogo waliyoiunda wenyewe, OSCAR-1. Haikuwa na kamera. Ilituma neno moja la salamu kwa milio ya Morse, na kasi ya milio hiyo ilibadilika kulingana na joto la setilaiti. Watu wa kawaida katika nchi nyingi waliisikiliza, wakahesabu milio kwa saa zao za mkononi, wakajua joto lilivyo angani. Betri iliisha baada ya wiki chache.

Vivyo hivyo, faida ya Taifa-1 na nyinginezo zitakazofuata kwa mkazi wa Kieni itategemea sana watu walio chini: anayesikiliza redio, anayelinganisha picha ya mwezi huu na ya mwaka jana, na anayekwenda shambani kuhakikisha kama kijani kilichoonekana ni mahindi au ni magugu.

Nawe unaweza kuanza leo bila antena. Weka chombo cha kupimia mvua mahali pa wazi uani, soma kila siku saa tatu asubuhi, andika tarehe na milimita kwenye daftari. Mwenye ng'ombe aandike lita za maziwa. Mwanachama wa chama cha watumiaji wa maji aandike siku ambayo mto ulishuka chini ya jiwe analolijua. Daftari hilo likipelekwa kwenye baraza pamoja na taarifa ya ukame ya mwezi, ambayo NDMA huitoa kwa umma bure, mjadala huwa tofauti kabisa. Setilaiti hupita juu ya Naro Moru kwa dakika kumi kisha huondoka, na wewe mwenye daftari ndiye unayebaki hapa siku nzima.